Kijazio cha Maji cha Akwariamu na Usalama wa Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maji ya akwariamu hupungua kila siku kwa mvuke, na kijazio huyarudisha hata kama haupo nyumbani. Boya likishuka, swichi inaunga umeme na pampu ndogo inavuta maji kutoka kwenye ndoo ya akiba. Boya likipanda, pampu inazima. Majibu haya ni kwa ajili ya nyumba za Dar es Salaam zenye umeme wa volti 230 na soketi za matundu matatu. Tunaanza na mambo yanayoweza kuua mtu, kwa sababu hayo ndiyo yanayoulizwa mwisho.

Mbona pampu ya chujio haizungumzwi sana, ila kijazio kinatiliwa shaka?

Pampu ya chujio inafanya kazi mfululizo na ikifa utaona maji yametulia. Kijazio kinawaka na kuzima mara nyingi kwa siku, aghalabu bila mtu karibu, na swichi yake inakaa ndani ya maji. Kikikwama kikiwa kimezima, maji yanapungua taratibu hadi pampu kuu, ile inayopandisha maji kutoka tangi la chini ya akwariamu kwenda juu, inazunguka bila maji. Kikikwama kikiwa kimewaka, maji yanafika sakafuni, na sakafuni ndipo ekstensheni za watu wengi zilipo.

Nimepata boya la pampu ya simtank, limeandikwa 16A 250V. Si imara zaidi?

Ni imara kwa kazi yake, na kazi yake si hii. Boya la aina hiyo, lenye umbo la peasi na waya mrefu mweusi, linakata umeme wa volti 230 ndani ya maji yenyewe. Kwenye simtank juu ya mnara hakuna mtu anayetumbukiza mkono kila jioni kulisha samaki. Waya wake hukunjwa pale pale kila boya linapopanda na kushuka, na ganda likipasuka, maji unayoyagusa yanakuwa na laivu. Isitoshe linahitaji maji yapande na kushuka kwa sentimita nyingi ndipo lipinduke, wakati akwariamu inataka tofauti ya sentimita 1 au chini yake.

Boya dogo la plastiki la duka la elektroniki nalo limeandikwa 220V. Naweza kulitia moja kwa moja kwenye waya wa pampu ya 230V?

Usifanye hivyo. Ndani ya mhimili wa boya hilo kuna vibati viwili vyembamba ndani ya kichupa cha kioo, na ndani ya boya kuna sumaku. Sumaku ikikaribia, vibati vinagusana. Volti iliyoandikwa ni ile ambayo vibati vinaweza kuizuia vikiwa wazi. Haimaanishi vinaweza kuendesha mota kwa volti hiyo. Angalia nguvu: mengi yameandikwa wati 10. Wati 10 kwa volti 230 ni takriban miliampia 43 tu. Pampu ndogo ya wati 8 inakula karibu kiasi hicho ikiwa imetulia, na inapowaka au kuzima inazidi sana. Cheche ndogo ya kila mara huyeyusha ncha za vibati hadi siku moja vinagandana. Hapo boya litapanda hadi juu na pampu haitazima.

Hii ni sababu mojawapo ya mafuriko ya vijazio vya kujitengenezea.

Basi niunganishe vipi?

Umeme wa 230V uishie kwenye adapta, mbali na maji. Kuanzia hapo kila kitu kiwe cha volti 12 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri): pampu, maboya na relei, yaani swichi ambayo koili yake ikipata umeme huvuta miguso. Boya liwashe koili ya relei tu, ambayo kwa relei ndogo za bluu za 12V inakula takriban miliampia 30, na relei ndiyo ibebe mzigo wa pampu.

Kwa mfumo wa kawaida wa nyumbani unahitaji:

- adapta ya 12V yenye ampia 2;
- pampu ndogo ya 12V isiyo na brashi, wati 5 hivi, ile inayosukuma lita 240 kwa saa;
- relei 2 za koili ya 12V;
- maboya 2 ya sumaku;
- dayodi 3 za 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu);
- fyuzi ya ampia 1 na kishikizo chake cha kwenye waya (maduka ya spea za magari wanacho);
- waya wa 0.75 mm² na kasha la plastiki lenye kifuniko cha raba.

Chanya ya adapta inapita kwenye fyuzi, kisha kwenye mguso wa relei ya pili, kisha mguso wa relei ya kwanza, ndipo inafika pampu. Hasi inarudi moja kwa moja. Boya la kazi linawasha relei ya kwanza maji yakipungua. Boya la dharura linakaa sentimita 2 hadi 3 juu ya boya la kazi na linaishikilia relei ya pili ikiwa imewaka muda wote. Maji yakilifikia, linakata.

Miguso ya relei zote mbili iwe ile iliyo wazi wakati koili haina umeme. Kwa mpangilio huo waya wowote wa boya ukikatwa na panya au ukiliwa na chumvi, pampu inazima. Wapo wanaogeuza upande wa boya la dharura ili likiguswa na maji ndipo liwashe relei ya kuzima. Mpangilio huo unafanya kazi vizuri mezani, lakini waya wake ukikatika hutajua hadi siku ya mafuriko.

Kwa nini relei mbili? Si ningeunga maboya yote mawili kwa mfululizo kwenye relei moja?

Ungeokoa relei moja na kupoteza ulinzi wote wa dharura. Kinachoweza kugandana si boya peke yake; hata miguso ya relei hugandana. Ikitokea hivyo kwenye relei ya pekee, maboya mawili, au hata matano, yatakata umeme wa koili na pampu itaendelea kuzunguka. Vijazio vingi vinavyouzwa vikiwa na maneno “sensa mbili” vina kasoro hii hii ndani. Kifungue ukague: kama sensa zote zinaishia kwenye relei moja au transista moja, kihesabu kama kijazio cha sensa moja.

Dayodi ni za nini?

Koili inapokatiwa umeme hutoa mshtuko wa volti nyingi kwa upande wa kinyume, na mshtuko huo hutafuta pa kutokea kupitia vibati vya boya. Funga dayodi moja sambamba na kila koili na moja sambamba na pampu, upande wenye mstari uelekee chanya. Ukigeuza, umepiga shoti adapta. Ndiyo maana fyuzi inafungwa kwanza. Kwa kuwa fyuzi hiyo iko njia ya pampu, koili nazo zichukue chanya yake baada ya fyuzi na si kabla.

Volti 12 zinaweza kunidhuru?

Kwa mwili wako, volti 12 za DC kutoka adapta iliyotenganishwa vizuri ni salama hata mkono ukiwa majini. Hatari zake ni nyingine mbili. Kwanza ni moto: maungio legevu yaliyojaa chumvi hupata joto na kuunguza plastiki hata kwa volti 12, na adapta ya ampia 2 ina nguvu ya kutosha kufanya hivyo. Pili ni sumu: waya wa shaba ulio uchi ndani ya maji ya chumvi huku ukiwa na DC huyeyuka haraka, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo sana. Ukiona maungio yamekuwa ya kijani kibichi ndani ya tangi, usisubiri wikendi.

Nitaijuaje adapta nzuri?

Adapta ndiyo ukuta pekee kati ya 230V na mkono wako, kwa hiyo hapa si mahali pa kubana matumizi. Tafuta alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ina insulesheni maradufu. Iwe na uzito wa kueleweka, jina la mtengenezaji, na alama ya ubora ya TBS kama ipo. Adapta nyepesi kama kiberiti tupu mara nyingi ina nafasi ya milimita chache tu kati ya upande wa 230V na upande wa 12V, na mende mmoja au unyevu wa masika unatosha kuiunga.

Zingatia pia plagi. Adapta nyingi zinakuja na pini mbili nyembamba, na mtu anachokoa tundu la ethi kwa kijiti au kalamu ili iingie. Pini hizo hazikai sawasawa kwenye soketi yetu, zinacheza, zinapata joto, na hazina fyuzi yake. Tumia plagi ya kubadilishia ya pini tatu yenye fyuzi ndani, na badala ya fyuzi ya 13A iliyokuja nayo weka ya 3A.

Nina sakiti breka kwenye meinswichi. Haitoshi?

Sakiti breka inalinda waya ukutani usiungue. Haikujui wewe. Chukua nyumba inayotegemea nondo yake ya ethi, na tuseme nondo hiyo ina ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida kwenye mchanga mkavu wa Mbezi au Kigamboni mwezi wa Januari. Laivu ikigusa ethi, mkondo ni 230 kugawa kwa 50, yaani ampia 4.6. Breka ya ampia 20 haitashtuka hata kidogo. Na mtu huweza kufa kwa mkondo wa makumi ya miliampia ukipita kifuani.

Kinachohitajika ni RCD ya miliampia 30. Inalinganisha mkondo unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, na tofauti ikifika kiwango chake inakata, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa kuwa akwariamu za siku hizi zimejaa adapta na taa za LED, omba ya aina A badala ya AC. Aina AC inaweza kuzubaa pale mkondo unaovuja umechanganyika na DC. Ifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na kama inawezekana iwe ya akwariamu peke yake. Friji ikivuja na kukata RCD ya nyumba nzima ukiwa safarini Morogoro, ukirudi utakuta maji yananuka.

RCD nayo ina mpaka. Ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine huku umesimama juu ya kitu kikavu, haioni tofauti yoyote. Basi isikupe ujasiri wa kufungua soketi yenye umeme.

Nyumba ni ya kupanga na soketi hazina ethi. RCD itafanya kazi?

Ndiyo, kwa sababu inapima tofauti ya laivu na nyutro na haihitaji waya wa ethi ili ifanye kazi. Tofauti ni kwamba bila ethi, hitilafu inasubiri hadi mtu aiguse ndipo ikate; ukiwa na ethi inakata hitilafu inapotokea. Kwa mpangaji, RCD ya kuchomeka kwenye soketi ni afadhali kuliko kukaa bila kitu. Usitumie bomba la maji kama ethi. Mabomba mengi sasa ni ya plastiki, na yale ya chuma yaliyobaki yanaweza kupeleka umeme bafuni kwa jirani.

RCD inakatika kila baada ya siku mbili tatu. Niiondoe?

Usiiondoe, tafuta kinachovuja. RCD ya miliampia 30 inaruhusiwa kukata kuanzia 15, na kila adapta huvujisha kidogo. Chomoa vifaa vyote, rudisha kimoja kimoja na ukipe kila kimoja saa kadhaa. Anza na hita, kisha pampu zinazozama za 230V, kisha taa zilizo juu ya maji. Kwa joto la Dar es Salaam hita mara nyingi ni mzigo usio na kazi. Ukiitoa umepunguza kitu cha kwanza kwenye orodha ya wanaovuja.

Ikikata saa za alfajiri tu, shuku unyevu ndani ya plagi au ekstensheni.

Nikitia kidole chenye mkwaruzo majini nahisi kama nachomwa sindano. Testa nayo inawaka.

Zima meinswichi kwanza, kisha endelea kusoma. Hisia hiyo inaweza kuwa uvujaji mdogo wa adapta au mwanzo wa pampu kupasuka, na kidole hakiwezi kukwambia ni ipi.

Testa ya taa ndogo haitoshi kuamua. Inawaka hata kwa volti za kuambukizwa zisizo na nguvu, na mita ya kawaida ya kidijitali nayo inaweza kusoma volti 40 au 60 kwa sababu hiyo hiyo. Fundi mwenye mita yenye mpangilio wa LoZ (ukinzani mdogo) apime kati ya maji na ethi. Volti ikianguka karibu na sifuri, ni ya kuambukizwa. Ikibaki juu, kuna kifaa kimevuja. Kukijua, achomoe kimoja kimoja huku mita ikiwa imeunganishwa, maana swichi ya soketi iliyogeuzwa waya hukata nyutro na kuacha laivu ikiingia kwenye kifaa. Rangi nazo zisikudanganye: kwenye nyumba za zamani laivu ni nyekundu, nyutro nyeusi, ethi kijani, kwenye nyaya mpya laivu ni kahawia, nyutro bluu, ethi kijani na njano.

Fimbo ya ethi ya kutumbukiza majini inasaidia?

Ikiwa kuna RCD, ndiyo, kwa sababu uvujaji unapata njia na RCD inakata papo hapo. Bila RCD ni bora usiiweke. Maji yana ukinzani wa kutosha kuzuia fyuzi isikatike, kwa hiyo umeme utaendelea kupita kimya kimya na wewe ukitia mkono unaingia katikati yake. Ukiiweka, iwe ya titani. Msumari wa chuma au kipande cha waya wa shaba havifai.

Ekstensheni niifunge wapi?

Pembeni ya kabati, juu ya usawa wa maji ya tangi la chini, kwenye ubao uliosimama wima, kamwe isiwe chini ya tangi wala ndani ya kabati moja na maji ya chumvi. Nyumba za Msasani na Kigamboni zina hewa ya chumvi tayari. Ndani ya kabati lililofungwa hali ni mbaya mara kadhaa. Kila waya unaotoka majini ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalofuata waya lidondokee sakafuni. Acha mteremko wa sentimita 15 hivi.

Kasha la relei nalo lisimame wima na matundu ya waya yawe chini. Ukiyaweka juu umetengeneza kikombe.

Ndoo ya akiba iwe ya lita ngapi?

Hili ndilo swali tungependa liulizwe kabla ya yote, kwa sababu jibu lake halihitaji relei wala RCD. Ndoo iwe ndogo kiasi kwamba hata ikimwagika yote ndani ya mfumo, maji hayafiki sakafuni.

Pima hivi. Zima pampu kuu na usubiri maji yaache kushuka kutoka juu. Kwenye tangi la chini, pima nafasi iliyobaki hadi ukingoni. Mfano, tangi la sentimita 80 kwa 35 lililobakiza sentimita 7 lina nafasi ya 80 × 35 × 7, yaani lita 19.6. Ndoo ya lita 20 iliyojaa tayari imezidi. Weka lita 15.

Watu hutaka dumu la lita 60 ili wasafiri wiki mbili. Kwa mfumo wa maji ya bahari wa lita 200, lita 60 za maji baridi zikiingia zote, chumvi inashuka kutoka gramu 35 kwa lita hadi takriban 27, na hapo hujahesabu zilizokwisha mwagika sakafuni. Mwombe jirani ajaze ndoo ndogo kila baada ya siku nne.

Kujua unatumia kiasi gani, hesabu eneo la uso wa maji: tangi la mita 1 kwa sentimita 40 hupoteza lita 4 kwa kila sentimita 1 inayoshuka. Feni za kupoza maji huongeza sana kiasi hicho, hasa miezi ya joto, Desemba hadi Machi.

Pampu imezima lakini maji yanaendelea kuingia.

Hilo halitokani na umeme. Ndoo iko juu kuliko mdomo wa mpira, na maji yanajivuta yenyewe. Shusha ndoo chini ya mdomo huo, na mdomo wenyewe uishie juu ya uso wa maji bila kuzama. Ukizama na ndoo ikiwa chini, mambo yanageuka: maji ya chumvi yanarudi kwenye ndoo, boya linaona maji yamepungua, pampu inawaka tena, na mzunguko huo hauna mwisho.

Naweza kuunga valvu ya umeme moja kwa moja na bomba la DAWASA?

Hatushauri. Ndoo ina mwisho, bomba halina. Valvu ikizuiwa na punje moja ya mchanga, maji yataingia hadi mgao ukatike. Zaidi ya hayo, maji ya bomba yana klorini, na ya kisima sehemu nyingi za pwani ya Dar es Salaam yana chumvi yake. Kujazia maji ya chumvi mahali pa mvuke ni kuongeza chumvi kila siku. Anayeng'ang'ania bomba aweke valvu ya 12V au 24V, kamwe si ya 230V, na nyuma yake boya la kawaida la kimakanika kama lile la choo, lijifunge lenyewe bila umeme.

Umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi, kijazio kinafanya nini?

Umeme ukikatika, maji ya juu yanashuka, tangi la chini linapanda na boya linatulia. Ukirudi, pampu kuu inavuta maji kwenda juu, na kwa dakika kadhaa tangi la chini linaonekana limepungua. Kijazio kinadanganyika na kuongeza maji yasiyohitajika. Mgao wa mara nne kwa siku unakuwa mafuriko madogo manne. Dawa yake ni taima ya kuchelewesha: kijazio kisiwake hadi dakika 10 zipite tangu umeme urudi. Vifaa vya kulinda friji vyenye kuchelewesha vinafanya kazi hiyo na pia huzuia volti ya juu inayokuja umeme unaporudi, ambayo ndiyo huua adapta nyingi. Soma kwanza muda wake, maana vingi ni vya dakika chache tu.

Uniti za LUKU zikiisha usiku ni vile vile, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Taima ya pili ni ya kuzuia pampu isizidi muda fulani. Pampu ya lita 240 kwa saa inatoa hadi lita 4 kwa dakika. Sentimita 1 kwenye chumba cha boya cha sentimita 30 kwa 30 ni lita 0.9, kazi isiyofika dakika moja. Weka kikomo cha dakika 2. Boya likigandana, utapata lita 8 na si ndoo nzima, mradi taima hiyo isijirudie yenyewe bila wewe kubonyeza.

Na nikitumia jenereta au inverta?

Jenereta ndogo nyingi hazijaunga nyutro yake na ethi. Hapo hitilafu ya kwanza haina njia ya kurudi, RCD haioni kitu, na kitufe chake cha majaribio bado kitakata na kukupa imani ya uongo. Mwachie fundi aiunge inavyopaswa. Kwa inverta ya bei ndogo, adapta ya 12V haina shida, ila pampu za mota za 230V zitanguruma na kupata joto. Kama una betri ya 12V, kijazio kinaweza kuiendea moja kwa moja, lakini fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa betri inatoa mkondo mkubwa kuliko adapta yoyote.

Boya linawasha na kuzima kama lina kiwewe.

Mawimbi. Lifunike kwa kipande cha bomba la PVC chenye matundu machache ya milimita 3 chini na moja juu la hewa. Kila kuwaka ni cheche kwenye relei, kwa hiyo kutuliza maji ni kurefusha umri wake. Bomba hilo pia linazuia konokono, wanaopenda sana kupanda boya na kulizamisha.

Naweza kuziba maungio kwa silikoni?

Ile inayonuka siki, hapana. Asidi yake inakula shaba chini ya ziba inayoonekana safi. Tumia silikoni isiyo na harufu hiyo, au lehemu ukifunika kwa mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani. Tepu nyeusi ya umeme hulegea gundi kwa joto na unyevu wetu. Bora zaidi, usiwe na maungio yoyote chini ya ukingo wa tangi.

Nikague nini, na lini?

Kila wiki, inua boya la kazi kwa mkono pampu ikiwa imewaka, lazima izime. Kisha lishushe, pampu iwake, na uinue la dharura peke yake; lazima izime pia. Watu wengi hujaribu la kwanza tu, na la dharura linakaa mwaka mzima likiota ukungu bila kuguswa.

Kila mwezi, bonyeza kitufe cha RCD. Isipokata, ibadilishwe siku hiyo. Futa chumvi nyeupe iliyotambaa kwenye nyaya kwa kitambaa cha maji baridi, umeme ukiwa umezimwa. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kupitisha umeme.

Kila miezi mitatu loweka maboya kwenye siki nusu saa, suuza, kisha pima kwa mita. Likifunga lisome chini ya omu 1 hivi; likifungua lisisome kitu. Likisoma omu 20 leo na 5 kesho, vibati vimeanza kuungua. Ukilivua boya kwenye mhimili ili ulisafishe, lirudishe upande ule ule, kwa sababu likigeuzwa linafanya kazi kinyume na pampu itawaka maji yakijaa.

Nimekuta maji sakafuni na ekstensheni imelowa. Nianzie wapi?

Usikanyage maji na usiguse tangi. Zima meinswichi, ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu. Kama meinswichi iko ng'ambo ya maji, usiyavuke hata ukiwa na kandambili. Nenda ukazime umeme kwenye mita, na kama nayo haifikiki, piga simu TANESCO. Kukiwa na moshi au moto, namba ya Zimamoto ni 114, na usimwagie maji kitu ambacho bado kina umeme.

Mtu akiwa ameshikwa na umeme, kukata umeme kunatangulia kumgusa. Hata kama alionekana mzima baada ya kuachiwa, apelekwe hospitali akapimwe moyo.

Baada ya hapo chomoa kila kitu. Ekstensheni iliyoingiwa na maji ya chumvi itupwe, kwa sababu hata ikianikwa juani siku tatu chumvi inabaki ndani. Ili samaki wasikose hewa wakati huo, tumia pampu ya hewa ya betri; inatosha kwa usiku mmoja, na kijazio kinaweza kukaa bila kazi kwa siku kadhaa huku ukijaza kwa jagi.